Kadi Isiyo na Picha

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali. Liko kwenye kona, pale barabara ya lami inapokutana na kichochoro cha mafundi, chini ya bati ambalo mwenye duka alilipigilia ili kivuli kiangukie mali yake, kwa bahati mbaya kikatuangukia sisi. Upande wa kushoto ni meza yangu ya kutengeneza saa. Ndiyo maana wananiita Dakika, ingawa sijawahi kumrudishia mtu saa yake siku niliyomwahidi. Upande wa kulia ni sanduku la Soli, fundi viatu. Katikati hukaa Breki, aliyeendesha malori miaka ishirini na sita mpaka macho yakamgomea, na Kamusi, karani mstaafu wa mahakama, mwenye methali kwa kila jambo na hakuna hata moja inayolingana na jambo lenyewe. Mbele yetu ni jiko la Shangazi, muuza kahawa. Ijumaa hiyo, saa tatu asubuhi, Soli alikuwa hajafungua sanduku lake. Alikuwa ameshika kadi nyeupe yenye ukubwa wa kiganja.

— Jamani, alisema, naogopa kurudi nyumbani kwangu.

— Mama mkwe? aliuliza Breki.

— Mtoto.

Hakuna aliyecheka. Habari za binti wa Soli tunazijua sote. Ana miaka sita na hajawahi kutamka neno, si la kuomba maji, si la kumwita baba yake. Soli humwita Mama, maana mtoto amerithi jina la mama mzazi wa Soli. Mkewe Soli hutoka alfajiri kwenda kiwanda cha nguo, mtoto hubaki na bibi, na kila Jumanne na Ijumaa saa nane mchana huja mwalimu, dada mmoja mwembamba mwenye mkoba wa kadi. Huyo mwalimu walimsubiri miaka miwili kwenye orodha.

— Amekufanya nini mtoto wa watu? aliuliza Shangazi, anamimina.

— Juzi jioni nilibeba kiatu cha mteja nikakimalizie nyumbani. Nyundo ikanipata kidole gumba. Nikasema, inauma. Basi, hivyo tu, hata sauti sikupaza. Mama alikuwa kwenye mkeka. Akanyanyuka, akaenda kwenye boksi la kadi, akachakura, akaniletea hii.

Aliigeuza tuione. Haikuwa na picha. Ilikuwa na herufi nene nyeusi: INAUMA.

— Umesema inauma, kakuletea inauma, alisema Shangazi. Mtoto ana akili. Kunywa kahawa yako.

— Shangazi, mwanangu hajui kusoma. Hajafundishwa na mtu.

— Mwalimu je?

— Mimi hukaa palepale kwenye somo, sibanduki. Sikilizeni. Mwalimu anatamka neno kwa mdomo, mtoto anagusa picha. Akisema inauma, mtoto anagusa picha ya mtu aliyekunja uso. Hilo moja. Halafu siku nyingine mwalimu hasemi kitu, anamwekea ile picha, mtoto anagusa kadi ya maandishi. Hilo la pili. Basi, yameisha. Neno la mdomo na maandishi hayajawahi kukutanishwa hata siku moja. Sasa niambieni, neno lilitoka kinywani mwangu likafikaje kwenye karatasi?

Mimi nilikuwa na saa ya mkononi imefunguliwa tumbo mbele yangu, nikajifanya natafuta skrubu.

— Nitakwambia lilivyofika, alisema Breki, na alipovua kofia nikajua tumekwisha. Mimi nimeendesha lori. Mji wa kwanza na wa pili, kuna barabara. Wa pili na wa tatu, kuna barabara. Siku ukiliona lori limetoka wa kwanza likaibukia wa tatu na halikuonekana wa pili, ujue kuna mtu amelima njia porini. Na njia za porini, ndugu zangu, huwa hazilimwi na watu wema.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Kamusi kwa uzito.

— Hiyo inaingiaje?

— Inaingia. Ifikirie.

— Mwalimu ulimwambia? niliuliza mimi.

— Nilimpigia palepale. Unajua alifanya nini? Alifurahi, Dakika. Alicheka kwenye simu mpaka nikasikia anafuta machozi. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa sawasawa.

— Alisemaje?

— Alisema ni kama undugu. Ukimwambia mtu huyu ni ndugu wa yule, na yule ni ndugu wa huyu hapa, huna haja ya kumwambia wa kwanza na wa mwisho ni ndugu. Ataona mwenyewe. Eti akili ya mwanadamu ndivyo ilivyo, inaunga yenyewe, haingoji kuungiwa. Eti alikuwa anaingoja siku hiyo.

— Undugu gani huo wa kujitangazia? Breki alitema pembeni. Mimi ni ndugu wa mke wangu kwa ndoa. Shemeji yangu ni ndugu wa mke wangu kwa damu. Mimi na shemeji tukikutana njiani, mmoja anavuka barabara.

— Ningemwamini, alisema Soli. Wallahi ningemwamini, kama ingeishia hapo.

Akanywa kahawa yote kwa mkupuo, akaungua, akakohoa.

— Jana asubuhi natoka kuoga, Mama yuko mlangoni. Ananipa kadi. Hiihii. Sikusema kitu, sikuumia popote. Nikaichukua nikairudisha kwenye boksi, chini kabisa. Akaichimbua akaniletea. Nikaiweka juu ya kabati. Bibi yake anasema nilipokwenda kazini alivuta kigoda, akapanda, akaishusha, akashinda nayo mkononi. Naingia jioni, ananipa. Ananitazama usoni, ananipa. Na nilipokaa tu kula, gego likaanza kuniuma. Gego zima hili, halijawahi kuniuma tangu nizaliwe.

Kamusi aliweka kikombe chini.

— Lisemwalo lipo, alisema, kama halipo laja.

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, methali yake ilikaa mahali pake, na nywele za shingo zikanisimama. Hata Shangazi aliacha kuchochea mkaa.

— Kidole kwanza, Breki alihesabu kwa vidole vyake. Halafu jino. Siku mbili, maumivu mawili. Na leo ya tatu.

— Leo hakuishia kunipa, alisema Soli. Ameniwekea kwenye kiganja akanikunja vidole. Nimekuja nayo.

— Njiani uliibeba wapi?

— Mfukoni.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Kamusi, na wote tukautazama mfuko wa Soli.

Breki ndiye aliyeomba kuishika. Alitaka kuona kama karatasi ni ya kawaida, kwa kuwa aliwahi kubeba lori zima la karatasi na alijiona mtaalamu. Aliigeuza, akainusa, akampa Kamusi, Kamusi akampa Shangazi, Shangazi akanipa mimi, nami nikamrudishia mwenyewe. Hakuna aliyekaa nayo muda wa kupumua mara mbili.

— Mgongo wangu, alisema Breki.

— Mgongo wako una nini?

— Unauma. Hapa chini. Ulikuwa hauumi.

— Breki, una mgongo mbovu tangu uache lori.

— Ulikuwa hauumi hivi.

Shangazi alikuwa ameshaanza kujisugua goti, kimyakimya. Nami niseme ukweli, kwa kuwa nimeamua kuusema: jino langu la nyuma, lile nililong'olewa miaka minne iliyopita, lilianza kunipwita. Pengo likauma. Nilipitisha ulimi pale kwenye ufizi mtupu, nikaogopa, nikanywa kahawa, nikazidi kuogopa.

Nilipaswa kusema neno hapo. Ninalijua jambo hili kwa njia yangu. Siku ndugu yangu alipofariki, simu ilinikuta nimeshika saa yenye mshale mwekundu wa sekunde. Tangu siku hiyo saa ya mshale mwekundu siipokei, nasema vipuri vyake havipatikani. Baadaye nikawa sitaki hata mteja mwenye mkoba mwekundu akae karibu. Juzijuzi mtu alisoma kwa sauti neno nyekundu kwenye gazeti, neno tu, nami nikaacha kazi nikainuka. Hakuna aliyenifundisha hivyo, na saa haikumuua ndugu yangu. Vitu viliungana vyenyewe kichwani nami nimelala. Kwa hiyo mwalimu alichosema nilikielewa vizuri kuliko wote waliokaa pale. Lakini kueleza ningelazimika kutaja hofu yangu mbele ya Breki, na Breki angenitania mpaka mwaka upinduke. Nikaendelea kutafuta skrubu.

— Swali ni hili, Breki alisogea mbele. Neno la kwanza ni inauma. Kwa nini inauma? Boksi lina kadi ngapi?

— Thelathini. Kuna maji, kuna mpira, kuna paka, kuna kulala.

— Thelathini. Na katika zote hizo kachagua inauma. Hakuchagua mpira. Hakuchagua paka. Mtoto anayecheza huchagua paka. Huyu anatumwa.

— Na nani?

— Na mwenye ile njia ya porini. Leo ni inauma. Wiki ijayo mwalimu ataleta majina ya watu. Unafikiri mwisho wake ni nini? Siku moja mtoto atachakura kwenye boksi atoe kadi yenye jina langu. Jina langu hajafundishwa, hajawahi kuniona, lakini si njia ipo? Atampa nani hiyo kadi? Na mimi siku hiyo nitakuwa wapi?

— Utakuwa hapa, alisema Shangazi, unakunywa bila kumaliza. Lakini sauti yake haikuwa na mzaha wowote.

— Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, alisema Kamusi. Sasa mimi nauliza kisheria: ulimwengu upi? Wahenga hawakutaja. Watu waliotaja kila kitu, mpaka kunguru na kuku na punda, hapo wakanyamaza. Waliogopa kitu.

— Acheni, alisema Soli. Ni mwanangu.

— Hakuna aliyesema si mwanao.

— Breki amesema anatumwa.

— Nimesema anatumwa, sijasema si mwanao. Hata mwanao anaweza kutumwa.

Soli alijifuta uso kwa kitambaa cha kung'arishia viatu, akabaki na mstari mweusi shavuni. Hakuna aliyemwambia.

— Sijawaeleza la leo, alisema.

Tulimsogelea. Benchi likainama kwenye tofali.

— Leo amekataa kula. Bibi yake kambembeleza, kakataa, kageuza uso. Kaenda kukaa chini kwenye kona ya chumba. Kabandika sikio ukutani. Hivi. Upande huu wa kichwa wote umelala kwenye saruji, macho ameyafumba. Anasikiliza. Nikimvuta, anapiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia kwake. Nikimwachia, anarudisha sikio palepale, ananyamaza. Anakaa hivyo, anakaa, halafu ananyoosha mkono bila kufumbua macho, ananipa kadi.

— Upande wa pili wa ukuta kuna nani? aliuliza Breki, na sasa alikuwa ananong'ona.

— Hakuna mtu. Ni chumba kitupu. Mpangaji alihama mwezi uliopita.

Nakumbuka gari lilipita barabarani na hakuna aliyeligeukia. Shangazi alijifunika kanga begani ingawa jua lilikuwa limeshawaka. Nilimtazama Soli nikaona kitu ambacho sitaki kukiona tena kwa baba yeyote: alikuwa anamwogopa mtoto wake, na alikuwa anajua kwamba anamwogopa.

— Choma, alisema Breki.

— Kadi?

— Kadi sasa hivi. Halafu uende nyumbani ukachome boksi lote kabla ya saa nane. Mwalimu akija mwambie hatumhitaji.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, alisema Kamusi.

— Ukuta usiutaje, alisema Shangazi.

— Nikichoma, alisema Soli, mwalimu harudi tena. Miaka miwili nimemsubiri. Mtoto wangu ana kitu gani kingine? Nyie mna midomo. Yeye ana hilo boksi.

— Boksi linaongea kwa niaba ya nani, ndilo tunalouliza.

— Dakika, wewe unasemaje?

Aliniuliza mimi. Alinitazama mimi kwa sababu mimi ni mpole, na watu hudhani mpole ana busara. Nilikuwa na nafasi. Jino lisilokuwepo lilikuwa linaniuma, na nilitaka ile kadi iondoke mahali nilipo. Hilo tu ndilo nililolitaka.

— Choma tu, nilisema. Uwe salama.

Shangazi alitaka kukataa, kwamba hapa watu wanakunywa, msinichomee uchawi kwenye jiko langu. Lakini hakukataa. Aliinua birika, akaliweka chini, mkaa ukabaki wazi mwekundu, nami nikaangalia pembeni. Soli aliinama. Kadi ilikuwa juu ya moto, bado iko vidoleni mwake, na kona yake moja ilikuwa imeshaanza kujikunja kwa joto.

— Hodi, fundi.

Alikuwa mwanamke wa makamo, sijui anakaa wapi, sikuwahi kumwona pale. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ameshika kandambili iliyokatika mkanda.

— Naomba nishonewe hii, nina haraka kidogo. Mbona mmeduwaa hivyo? Hiyo ni nini unachoma?

— Kadi, alisema Soli.

— Ya nini?

— Ya mwanangu. Haongei. Anafundishwa kwa kadi. Siku ya tatu hii ananiletea hiihii moja, naificha anaifukua, naificha anaifukua.

Yule mwanamke alichungulia. Alisoma polepole, midomo ikicheza kidogo, kama mtu ambaye hakusoma sana lakini husoma kila anachokiona.

— Inauma, alisema. Akamtazama Soli. Inamuuma wapi?

Breki alifungua mdomo. Nilimwona anautafuta usemi, lori, porini, chochote. Akaufunga. Kamusi alikuwa anatazama vidole vyake. Shangazi alikaa chini kwenye kigoda chake bila kuangalia kama kipo.

Soli aliitazama kadi. Nilikuwa karibu naye, nilimwona usoni: hofu ya asubuhi yote ilimtoka mara moja, na nyingine ikaingia, na hii ya pili ilikuwa kubwa kuliko ile. Midomo yake ilisema kitu. Nadhani ilisema, Mama. Akaitoa kadi motoni, akaibana kifuani, akaondoka. Alianza kwa kutembea. Alipofika kwenye kona ya kichochoro alikuwa anakimbia, mzee wa miaka hamsini, aproni inapiga magoti, mpaka hatukumwona tena.

Sanduku lake lilibaki limefungwa. Yule mwanamke alibaki na kandambili mkononi, anatutazama mmoja mmoja.

— Kasema siku ngapi? aliuliza. Kasema siku ya tatu?

Hilo jibu tulikuwa nalo wote. Breki alikuwa amelihesabu kwa vidole. Lakini yeye hakulingoja; alivua kandambili ya pili, akazishika zote mbili, akaondoka pekupeku kuelekea kule kichochoroni, kwa haraka.